Zamu ya Mama

Baba alilishika lile ua kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa samaki aliyevunda, na mama alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Hivyo ndivyo ninavyowaona mpaka leo. Baba kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, kanzu yake ya Ijumaa bado haina mkunjo. Mama kwenye mkeka, miguu ameikunja upande. Na mimi katikati yao, nimekaa wima na mikono magotini, mtoto wa darasa la tano aliyejiona mwalimu. Harufu ya samaki wa kupaka ilikuwa inatoka jikoni. Sahani tatu zilikuwa zimeshapangwa na kufunikwa kawa.

"Sasa nikishika hiki, ndiyo nasema?" baba aliuliza.

"Ndiyo. Na mtu hakukatizi mpaka umalize."

Akamtupia mama jicho. "Hata huyu?"

"Hata mama," nikasema.

Mama akaitikia kwa kichwa. Kiganja hakukitoa.

Kuna watu wa Makorora wanaosema hadi hii leo kwamba lile ua lilikuwa limetiwa kitu. Majirani zetu hawapendi jambo litokee bila ya mganga. Lilitiwa waya na uzi, basi, na aliyelishona nilikuwa namwona kila siku ya Mungu. Nitaeleza lilikotoka, kwa sababu nimechoka kusikia likielezwa na watu ambao hawakuwahi kulitia machoni.

Shule yetu ilikuwa ndogo, nyumba mbili za bati zilizopakwa chokaa, nyuma ya msikiti wa mtaa. Mama alikuwa akipika uji pale, na kwa ajili hiyo nami nikapata nafasi. Watoto wa wapika uji hawasomi hivihivi kwenye shule za Montesori. Jirani yetu mmoja aliiita shule ya kucheza. Ukichungulia dirishani ungemwona ana haki: hapakuwa na madawati yaliyopangwa mistari, wala mwalimu aliyesimama mbele, kwa sababu chumba chenyewe hakikuwa na mbele. Kulikuwa na rafu za kimo cha mtoto, meza fupi, mikeka midogo iliyokunjwa pembeni, na sisi wa miaka tisa hadi kumi na miwili tumechanganywa kama watoto wa nyumba moja. Ukifika asubuhi unampa mwalimu mkono, unachagua kazi, unakunjua mkeka wako, unaianza. Hakuna kengele ya kukukurupusha. Ukiondoka na kazi haijesha, unaiacha pale chini na kadi yenye jina lako juu yake, na hakuna wa kuigusa.

Mwalimu Queen alitoka kwenye milima ya Amani, Msambaa mwembamba mwenye sauti ya chini. Ukimuuliza kitu, hakujibu. Alikuuliza, "Utajuaje?" Tulimwiga kwa neno hilo, tukalichoka, na mwisho likatuingia damuni. Kwa nini kivuli cha mnazi kinafupika? Utajuaje? Mtu wa kwanza kula muhogo mchungu alikufa? Utajuaje, Noa? Naye Noa anakwenda rafuni.

Tulikuwa na ubao wa kuzidishia, miraba yake ya kijani na buluu na nyekundu, ambao tulipanga shanga juu yake na kuzidisha namba ndefu ambazo wenzetu wa shule nyingine walichapwa kwa ajili yake. Ukikosea, mwalimu hakusemi. Zinakusema shanga: moja inabaki mkononi, haina pa kukaa, na wewe mwenyewe unarudi nyuma kutafuta ulipopotelea. Niliupenda ubao ule kupita kitu chochote pale. Nilikuwa mtoto wa kupenda mambo yakae mahali pake.

Na kulikuwa na kile kitambaa cheusi. Mwalimu Queen alisema ni umri wa dunia, akatutoa nje tukakikunjue. Kikapita mlango kwa mlango uchochoroni, kikapinda kwa muuza mkaa, kikaendelea, na akina mama wakatoka majumbani kuuliza nani amefariki. Mwisho wake kabisa palishonwa ukanda mwembamba mwekundu, mwembamba kama kamba ya kiatu. "Hao ndio sisi," Mwalimu akasema. "Watu wote waliowahi kuishi." Sabiri, aliyekuwa mkubwa wetu, akachuchumaa akautazama ukanda kwa muda mrefu, akasema, "Na ugomvi wote uko humo?" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Hakuna kitu ambacho hatukuruhusiwa kukijua katika chumba kile. Nyota, volkano, damu inavyozunguka, mifupa ya waliokufa zamani, vyote vilikuwa vyetu.

Swali likikushinda, unatoka nalo. Tuliita safari ya swali. Watoto wawili watatu wanakaa, wanaamua nani apigiwe simu, waende kwa usafiri gani, mtu mzima yupi awasindikize, wakifika waulize nini. Mwalimu kazi yake kutia saini. Mimi nilipanda hadi Amani kwa sababu nilitaka kujua kwa nini mlima unanyeshewa na sisi mvua yake tunaiona kwa macho tu. Nilirudi na jibu na jozi ya viatu iliyoharibika kwa tope, na mama aliposikia nililipata jibu kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa wakubwa wa kituo cha utafiti, alinikumbatia na viatu hakuviuliza.

Ua lilikuwa kwenye meza ndogo ya dirishani, ndani ya bilauri ya chai. Ua la kitambaa chekundu, Mwalimu Queen alilishona mwenyewe, bua lake waya uliozungushiwa uzi wa kijani. Waliogombana walikwenda kukaa pale, wawili, bila mwalimu. Anayelishika anasema, mwenzake anasikiliza. Anaanza na "mimi". Haanzi na "wewe", kwa sababu "wewe" ni kushitaki. Akimaliza, analitoa kwa mwenzake. Basi, ndiyo sheria yote.

Siku moja nilirudi kutoka chooni nikakuta Sabiri ameikunja kazi yangu, shanga zote zimerudishwa kwenye kisanduku. Kazi ya siku mbili. Nilimpigia kelele mpaka mama akachungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi. Mwalimu Queen hakuniambia nyamaza. Alionyesha meza kwa kidevu. Tukakaa, Sabiri akashika ua, na kwa kuwa sikuruhusiwa kumkata kauli ikanibidi nimsikie: "Mimi niliona mkeka hauna kadi. Kadi niliikuta chini ya rafu baadaye, upepo umeitupa. Mimi nimeona aibu." Akanipa ua. Nilikuwa nimeandaa matusi mazuri sana, ya kurithi, lakini yote yalikuwa yamekwisha nguvu. Tulikwenda tukaianza kazi upya pamoja. Mama aliyaona yote hayo kutoka dirishani, na jioni tukitembea kurudi nyumbani akaniambia, "Kile kiua chenu kina maana. Wakubwa nasi tungekuwa nacho."

Alisema hivyo yeye mwenyewe. Sikumlisha maneno mimi.

Nyumbani kwetu kulikuwa na ugomvi, na ugomvi ule ulikuwa na umbo. Baba alikuwa mchuuzi wa nazi. Alizinunua Mwera, ng'ambo ya mto Pangani, akazileta Tanga. Alilala huko siku nyingi kuliko zamani. Akirudi, akila, akinawa, anajikohoza: "Mama Sabra, nina neno nataka tuseme." Na mama anamkata palepale. Neno gani, bati linavuja, ulimwona fundi? Au anaangusha sufuria. Au anamwita jirani kwa sauti, "Njoo bibi wee, njoo uone khanga niliyoletewa!", na khanga yenyewe ya mwaka juzi. Baba anajaribu tena, anakatwa tena, anasimama, anavaa makubazi, anatoka. Mama alikuwa na ulimi wa kutisha mtaa mzima, lakini hapo hakuwa akitukana. Alikuwa akisema tu, akisema, akisema, mpaka mlango ufungwe.

Na mimi nilikuwa nimefundishwa kuchunguza kabla ya kusema. Nilichunguza. Tangu mvua za vuli mpaka kaskazi nilikaa na madaftari yangu ya shule nikijifanya nasoma, huku nikitazama kila mara jambo lilivyoanza na lilivyokwisha. Baba anaanza kusema, mama anamkata, baba anaondoka. Kila mara hivyohivyo. Nikapata jibu, tena jibu safi: baba anaondoka kwa sababu hasikilizwi. Utajuaje? Kwa kujaribu.

Alhamisi, wenzangu walipokuwa wakifagia, nilimwendea Mwalimu Queen. "Mwalimu, naomba kwenda na ua nyumbani."

"Lina kazi gani?"

"Lina kazi."

Alinitazama. Wale walimu wamefundishwa wasimkatize mtoto aliyezama kwenye kazi yake, na bila shaka aliona nimezama. Angeniuliza swali moja tu, lile lake la kila siku, nisingekuwa na jibu, na ua lingebaki kwenye bilauri. "Jumatatu lirudi," akasema. Nilikwenda nalo likiwa ndani ya leso, juu ya madaftari, nikitembea kwa uangalifu kama nimebeba yai.

Ijumaa baba alikuwepo. Nilimwomba mama kwanza, jikoni, akiwa anakuna nazi. Nikamweleza sheria ingawa alikuwa akizijua. Alisimamisha mkono juu ya mbuzi. Aliniuliza, "Na mimi nitapata zamu?" Nikamwambia, "Lazima, mama. Ndiyo sheria. Lakini usimkatize. Mama, nakuomba, leo tu usimkatize." Akaendelea kukuna, akakuna mpaka kifuu kikawa cheupe, kisha akasema, "Haya."

Ndipo tukafika pale mkekani.

"Anza na mimi," nikamwelekeza baba. "Usianze na wewe."

"Mimi," akasema, na akatabasamu kidogo, kwa kuwa jambo zima lilimchekesha. Kisha tabasamu likamtoka. Nadhani alitambua wakati ule kwamba kimya kile kilikuwa cha kweli. "Mimi nina mke Mwera."

Nje mtu alikuwa akiburuta mkokoteni. Sikuelewa. Nilijua maana ya kila neno, sikuelewa.

"Mimi nina mtoto kule, wa kike. Mimi nimekuwa nikitaka kulisema hili mwaka mzima, sipewi nafasi. Mimi nimechoka kuvuka mto kama mwizi."

Niliyaona mabega ya mama yakipanda. Hivyo ndivyo yalivyopanda kila mara kabla hajamkata, nilikuwa nimeyachunguza, niliyajua. Nikanyanyua kidole, taratibu, kama Mwalimu Queen.

"Mama," nikasema, "bado hajamaliza."

Mabega yakashuka.

"Mwamvua binti Hilal," baba akasema. Sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina lake. Siku zote alikuwa Mama Sabra. "Nimekuacha. Kwa talaka tatu."

Mama akatoa kiganja mdomoni. Hakupiga yowe. Aliunyosha mkono mbele, kiganja juu, na kwa kitambo sikujua anaomba nini. Alikuwa akiomba ua. Baba amemaliza, zamu ilikuwa yake, na alikuwa akisubiri apewe. Baba alisimama, akauangalia ule mkono, akalitia ua mfukoni mwa kanzu kama mtu anavyotia funguo zake, akavaa makubazi, akatoka. Nilimkimbilia hadi kona ya muuza mkaa nikimwita alirudishe. Hakugeuka.

Niliporudi, mama alikuwa amekwisha punguza sahani moja. Tulikula wawili. Sijui kama kile chakula kilikuwa na chumvi.

Wajomba walikwenda kwa shehe, wakarudi. Shehe alisema tatu ni tatu. Mwenye kutamka alikuwa na akili zake, hakulewa, hakutishwa, alikuwa ameketi kwenye kiti anasikilizwa. Hilo ndilo lililowashangaza wajomba kuliko yote: kwamba alisikilizwa. "Na weye Mwamvua ulikuwa wapi?" mmoja akauliza. "Siku zote domo huna haya nalo, siku ile ulimezwa na nini?" Mama hakumjibu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na nilingoja aseme. Hakunitaja, wala hakulitazama pazia.

Jumatatu bilauri ilikuwa tupu. Tulikuwa na mkutano wa darasa kila Jumatatu, tumekaa duara, mtoto mmoja ndiye mwenyekiti, na siku ile alikuwa Noa. Mtu akauliza ua liko wapi. Nikasimama nikasema, kwa sababu katika chumba kile tulisema. Nilisema yote, mpaka mkono wa mama. Halafu Sabiri akasema, akiwa anafikiri, kama alivyofikiri juu ya ukanda mwekundu, "Basi zamu ya mama yako bado ipo."

Tukalishika hilo. Nani angetulaumu? Kazi haijesha, kadi iko juu yake, hakuna wa kuikunja. Mpaka saa ya uji safari ya swali ilikuwa imepangwa. Mimi, Sabiri na Noa. Tutakwenda Pangani, tutavuka kwa pantoni, tutauliza nyumba ya baba, Hatibu wa nazi, tutaomba ua, tutalileta, na baba naye atakuja asikilize kama alivyosikilizwa. Noa aliandika maswali. Sabiri alijua hata saa za pantoni. Tulikosa mtu mzima wa kutusindikiza tu, nasi tulikuwa na hakika tutampata.

Mwalimu Queen aliisoma karatasi yetu akiwa amesimama. Akaikunja.

"Hapana," akasema.

Katika miaka yangu yote pale sikuwahi kulisikia neno hilo likitoka kwake likiwa peke yake.

"Kwa nini, Mwalimu?" Sabiri aliuliza.

"Hayo ni mambo ya wakubwa."

"Tutajuaje?" nikamwambia. Nilimtupia neno lake usoni, na sauti yangu ilikuwa ya mama, niliisikia. "Tutajuaje, Mwalimu, kama hatwendi?"

Macho yake yalijaa. Alinigusa kichwani, nikautoa mkono wake. Walitupa umri wa dunia tuushike mikononi, wakatutoa hadi uchochoroni tuukunjue watu wote waone, halafu nyumba ya baba yangu mwenyewe, ng'ambo ya mto tu, ikawa ni ya wakubwa. Sikumsamehe. Nimekutana naye mara nyingi mjini tangu hapo, nampa shikamoo, ananipa marahaba, tunaulizana hali. Ni mtu mwema. Sijamsamehe.

Alishona ua jingine, la manjano. Wenzangu walilitumia. Mimi nikigombana na mtu nilimaliza kwa ulimi pale pale, na nikajifunza kuwakata watu kauli kabla hawajafika wanakokwenda, nikawa hodari kweli. Mama alipotoka eda alirudi kwenye uji wake. Alipita mbele ya dirisha lile kila asubuhi na ndoo, na hakuchungulia ndani tena.

Hayo ni ya zamani. Sasa mimi ni karani bandarini, nina kitambulisho shingoni na watu wananiita dada Sabra kwa adabu. Mwaka jana, baada ya Idi, nilivuka. Sikumuaga mtu. Nilivuka na pantoni Pangani, nikachukua bodaboda hadi Mwera, nikauliza kwa Hatibu wa nazi, na mwanamwali mmoja mwenye pua yangu akanielekeza uani. Jina lake Mastura. Hakuwa na kosa lolote, na kumtazama kulinichoma.

Baba alikuwa akifua nazi, anazikita kwenye ncha ya kifuo na kuzivua makumbi, polepole kuliko nilivyokumbuka. Amekonda. Nilimwamkia. Aliitikia, akaacha kazi, akajifuta mikono kwenye msuli, na furaha iliyomjia usoni ilikuwa ya kweli, nayo nikaichukia.

"Nimekuja kuchukua ua," nikasema.

"Ua gani, mwanangu?"

Nikamweleza. Ilinibidi nimweleze kila kitu, la kitambaa, jekundu, bua la kijani. Alikunja uso akitafuta. Kisha akacheka, cheko la mtu aliyekumbushwa utoto.

"Kile kitambaa! Mh. Nitakuwa nilikitupa. Njiani, au palepale kivukoni, sijui." Akaokota nazi, akaipima mkononi, akairudisha. "Unajua, Sabra, siku ile mama yako alinishangaza. Miye nilikuwa nimeshazoea kushindwa naye. Kila nikija na lile neno, nalipeleka mdomoni nalirudisha moyoni. Ningeweza kuishi hivyo hata leo, nikivuka huku na kule. Kama angenikatiza tu, kama kawaida yake." Akatikisa kichwa. "Sijui kwa nini aliniacha nikasema."

Alimlaumu yeye. Baada ya miaka yote, akiwa kivulini kwake, makumbi miguuni, alimlaumu mama kwa kumsikiliza. Nilitaka kumtukana, na maneno nilikuwa nayo, yamepangwa mlangoni. Nilimwambia pantoni itaniacha. Mastura alinisindikiza hadi barabarani, akaniuliza nitarudi lini. Nikamkata kauli, nikamwuliza yuko kidato cha ngapi.

Nilifika Makorora kabla ya alasiri. Mama alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda, ungo wa mchele mapajani, anatafuta chuya. Alikuwa ameniona nimevaa viatu vya safari asubuhi na hakuniuliza. Nikakaa chini mbele yake.

"Nimetoka Mwera," nikasema.

Vidole vyake havikusimama. "Wazima?"

"Wazima." Kisha nikauliza nilichokuwa nimekibeba tangu kivukoni. "Mama, ulikuwa unajua? Kabla ya siku ile?"

"Nazi za Kigombe tamu, na ziko karibu. Mtu akizifuata za Mwera kila wiki, anazifuata nazi?"

"Kwa hiyo ulikuwa ukimkatiza kusudi."

"Neno halijatoka, halijatoka. Nilikuwa nalizuia mlangoni kila siku, likachoka, likarudi. Ningelizuia mpaka azeeke."

Nilihisi kitu kimebaki mkononi mwangu, kidogo, hakina pa kukaa. Nilijua kimetoka wapi. Nadhani nilikijua tangu nyuma ya lile pazia.

"Sasa mbona siku ile ulinyamaza?"

"Si weye uliniomba," mama akasema.

Alisema bila uchungu, kama anayenikumbusha nilipoweka kitu. Akapeperusha ungo mara moja, makapi yakaruka, kuku wakasogea. Kwa jirani redio ilikuwa inasoma salamu za wasikilizaji. Nilitaka kulia na sikuweza, hasira zilikuwa zimenijaa na sikuwa na pa kuzipeleka. Mmoja yuko Mwera anafua nazi, mwingine anashona maua, na huyu aliye mbele yangu ndiye pekee aliyefuata sheria mpaka mwisho.

"Mama," nikamwambia. "Zamu yako haikufika. Ua amelitupa, lakini zamu ni yako. Sema. Mimi nasikiliza."

Hapo vidole vikasimama. Aliutengeneza ungo vizuri mapajani. Akanitazama usoni, mama yangu ambaye ulimi wake ulitisha mtaa mzima, na akapitisha ulimi huo kwenye midomo kama mtu anayekwenda kuufungua mlango wa siku nyingi. Niliyaona mabega yake yakipanda.

"Miye, mwanangu," akaanza.

"Mama," nikasema, "wali unaungua."

Mchele ulikuwa bado kwenye ungo, mapajani mwake. Alinitazama kitambo. Kisha akainamisha kichwa, akaendelea kutafuta chuya.

"Basi nenda kautazame," akasema.

Nikainuka, nikaenda jikoni, nikasimama mbele ya jiko lililokuwa halijawashwa.